Kamera ya kuangalia watoto wakiwa wenyewe, miezi minne baadaye

Nisiwafiche, hii kamera niliinunua kwa wasiwasi tu. Baba yao na mimi wote tunashinda kazini na watoto, mmoja ana 11 mwingine 7, wakitoka shule wanakaa wenyewe kama masaa matatu hivi mpaka mmoja wetu afike.

Ni zile ndogo za waifai zinazozunguka, unaweka juu ya kabati unaangalia kwenye simu. Kuiunganisha nilihangaika siku nzima, kumbe ruta zetu zinaweza kutoa waifai za aina mbili, ya 2.4GHz na ya 5GHz, na yenyewe inashika ya 2.4 tu, mimi nilikuwa naing'ang'aniza kwenye ya 5. Picha iko poa, hata gizani unaona. Zile alamu za kuna mtu kapita zima tu, pazia likipepea simu inalia uko kwenye kikao. Na paswedi iliyokuja nayo badilisha siku hiyo hiyo jamani, usije ukawa unaangaliwa na mtu usiyemjua.

Kilichonifurahisha ni spika. Mdogo akifika anasimama mbele ya kamera ananionesha madaftari, tunapiga stori kidogo.

Lakini sauti inachelewa. Siku moja nikamwona huyo mdogo anaburuta kiti kuelekea jikoni, akapotea maana jikoni kamera haifiki, nikapiga kelele we shuka hapo, wapi, na mkubwa kaziba masikio na hedifoni. Nilitetemeka. Nikampigia mama jirani, yeye ana ufunguo wetu wa akiba, akamkuta kasimama juu ya jiko kabisa anatafuta tableti niliyoificha juu ya kabati. Bahati jiko lilikuwa limezimwa. Sasa hapo aliyeokoa ni jirani au kamera? Kwa hiyo usinunue ukadhani umepata mlezi. Umeme ukikatika yenyewe inalala, waifai nayo imelala, unabaki unaangalia kioo cheusi huku moyo unadunda.

Halafu wiki iliyopita nikakuta imevishwa soksi. Mkubwa akaniuliza, mama, unamwangalia mdogo wangu au unaniangalia mimi? Nikakosa jibu. Tumekubaliana nikishaona wamefika salama naigeuzia ukutani, akinihitaji anapiga simu.

Naipa nyota tatu kati ya tano. Mwenye kamera ambayo sauti haichelewi aniambie ni ipi, hii nitaihamishia mlangoni.