Mgogoro na dalali wa hisa: mahakamani au kwa msuluhishi?

Mteja wa Kirumba, Mwanza, aliagiza hisa 2,000 ziuzwe Machi 2022. Dalali wa Dar es Salaam hakuuza, bei ikashuka. Kwa dai la mkataba, Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inampa miaka 6 ya kufungua dai, hadi Machi 2028. Akidai uzembe nje ya mkataba, anabaki na miaka 3 tu. Hapo ndipo wengi wanapoumia.

Usuluhishi, yaani mgogoro kuamuliwa nje ya mahakama na mtu aliyeteuliwa, hauongezi muda; ukomo ni uleule. Tofauti iko kwenye saa inavyosimama. Mahakamani, hesabu husimama hati ya madai ikisajiliwa na ada kulipwa. Kwa msuluhishi, kinachohesabiwa ni notisi ya maandishi iliyomfikia dalali, ikimtaka akubali au ateue msuluhishi. Ipeleke kwa mkono, mpokeaji asaini na kuandika tarehe kwenye nakala yako.

Barua za malalamiko na ahadi za simu hazisimamishi chochote. Dalali akikiri deni kwa maandishi na saini kabla muda haujaisha, hesabu inaanza upya. Akificha ukweli kwa udanganyifu, muda huanza ulipogundua, au ulipopaswa kugundua. Kwa hiyo linganisha taarifa ya CDS (mfumo wa kielektroniki unaotunza hisa zako) na oda zako kila mwezi.

Mkataba ukiwa na kifungu cha usuluhishi, anza huko. Ukikimbilia mahakamani, dalali ataomba shauri lisimamishwe, nawe utakuwa umepoteza miezi. Kisipokuwepo, nenda mahakamani mapema.