Wakili Hutz wa The Simpsons: maneno ya kweli, maana ya kupotosha

Kwenye katuni za vichekesho, napenda zaidi mhusika anayepotosha bila kutamka uongo hata mmoja. The Simpsons ya miaka ya 90 inaongoza kwa hilo, na Lionel Hutz ndiye fundi.

Anza na kipindi cha 1992 ambapo Homer, baba wa familia ya Simpson, anaushtaki mgahawa wa samaki uliotangaza "kula uwezavyo", kisha ukamtoa bado ana njaa. Hutz, wakili wake, anampandisha Marge, mke wa Homer, kizimbani kama shahidi. Mke wa watu, chini ya kiapo, anaeleza walikwenda wapi baada ya kutolewa: walizunguka na gari hadi saa tisa usiku wakitafuta mgahawa mwingine wa namna ile. Na walipoukosa? Hapo Marge anasita, sauti inakatika, anakiri kwamba walikwenda kuvua samaki. Hutz anaugeukia upande wa waamuzi: huyu ni mtu aliyekula alivyoweza? Maneno hayo yote ni kweli, na kesi yenyewe ni ya kipuuzi. Huo ndio uandishi!

Kile cha 1993, "Marge in Chains", kina utani mfupi zaidi. Tangazo la Hutz linaahidi malipo baada ya ushindi, bila kutanguliza pesa. Anachukua kalamu, anaongeza alama ya kuuliza na mkato, na ghafla maneno yaleyale yanadai pesa kwanza. Ni sekunde chache tu, usipepese macho.

Misimu ya baadaye sijaipenda hivyo. Hivi vipindi viwili, vyote vya msimu wa nne, vitazameni.