Mifano ya ubongo ya kufundishia: kazi safi ya mikono, kijitabu cha kuandikwa upya

Boksi lina mifano ya plastiki ya ubongo wa binadamu, sokwe, pomboo, tembo na kunguru, yote kwa ukubwa halisi. Nimeitumia darasani katika somo la biolojia, na kwa upande wa ufundi sina la kulaumu: mikunjo imechongwa kwa makini, na vipande hushikana kwa sumaku, hivyo wanafunzi huvibandua na kuvirudisha bila kuvunja kitu.

Kasoro imo katika kijitabu kinachoambatana nayo. Kimewapanga wanyama kwa uzito wa ubongo na kumwachia msomaji aamini kwamba mwenye ubongo mzito ndiye mwenye akili nyingi. Kwa kipimo hicho tembo, ambaye ubongo wake hukaribia kilo 5, angemwacha mbali binadamu mwenye kilo 1.4 hivi. Jibu limo ndani ya boksi lenyewe. Ukiibandua serebelamu ya tembo, yaani ile sehemu ya nyuma kwa chini inayoratibu mwendo, inajaza viganja vyote viwili; humo ndimo zilimo takriban bilioni 251 kati ya seli zake za neva bilioni 257. Katika gamba la ubongo, linalotegemewa sana katika kufikiri na kupanga, tembo ana bilioni 5.6 tu, ilhali binadamu ana bilioni 16. Inasikitisha kwamba waliohangaika kuifanya sehemu hiyo ibanduke hawakuiandikia hata sentensi moja.

Kunguru ndiye aliyeonewa zaidi. Amewekwa mkiani, ingawa utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa seli za neva za ndege wa jamii yake, na za kasuku, zimesongamana kuliko za mamalia wenye ubongo wa uzito uleule.

Ukurasa wa mwisho unarudia dai hilo kwa binadamu, nami sikubali kuwapa wanafunzi wangu waanze kupimana vichwa. Uhusiano kati ya ukubwa wa ubongo na alama za majaribio ya akili upo, lakini ni hafifu, kwani hueleza takriban asilimia 6 tu ya tofauti baina ya watu. Ubongo wa Albert Einstein ulikuwa na gramu 1,230, chini ya wastani wa wanaume.

Mifano yenyewe nawashauri walimu wainunue. Kijitabu wakiache kabatini, na mahali pake waandae jedwali la idadi ya seli za neva kwa kila mnyama, sehemu kwa sehemu.