Kompresa ya Gari: Kutoka Tudor Mpaka Loiyangalani na Kurudi

Assalaam aleikum watazamaji wangu, na hamjambo nyote. Niko nyumbani hapa Tudor, na hii mnayoiona mezani ndiyo kompresa ya kujazia matairi upepo, ile iliyotoka nami Mombasa mpaka Loiyangalani, ufukweni mwa Ziwa Turkana. Najua wengi mnasubiri hema la juu ya gari. Hema litapata video yake. Lakini mkiniuliza ni kitu gani kilichotufikisha na kuturudisha, nitashika hiki kwanza.

Kutoka hapa hadi Marsabit ni zaidi ya kilomita 1,000, na siku hizi ni lami njia nzima. Mambo yanabadilika ukiiacha lami. Sisi tuliiacha pale Laisamis, kabla ya kufika Marsabit, tukashika njia ya Sarima, ile iliyotengenezwa upya kwa sababu ya mitambo ya umeme wa upepo. Mitambo yenyewe ni 365, na vipande vyake viliteremshwa bandarini hapa hapa kwetu, vikapakiwa kwenye malori. Nilipoiona imejipanga kule jangwani, wallahi niliona fahari.

Sasa, barabara ile ni changarawe, na changarawe ikipitiwa sana hujikunja kama bati. Ukiingia na upepo wa lami, psi 36 (psi ndiyo kipimo cha upepo wa tairi), gari lote linatetemeka na bolti zinalegea moja moja. Ami yangu, aliyeendesha malori huko enzi lami haijafika, alinisimamisha pale njia panda. "Mwanangu, toa upepo sasa, usingoje uumie." Tukashusha hadi 26. Hatukwenda hata nusu kilomita, nikaisikia tofauti mikononi, kwenye usukani.

Kutoa upepo ni rahisi, hata kijiti kinatosha. Kazi ni kuurudisha. Tulirudi kwa njia ya North Horr na Kalacha, tukakata Chalbi. Chalbi ni sakafu ya ziwa la kale lililokauka: juu ganda jeupe la chumvi, pembeni mchanga laini. (Mvua ikinyesha hapapitiki, ni tope tupu, msijaribu.) Mchangani tulishuka hadi 18. Tairi likipunguzwa upepo hujilaza, likakanyaga mahali pakubwa zaidi, halizami. Lakini ukifika kwenye lami ya Marsabit na 18 ile ile ukakanyaga mafuta, ubavu wa tairi unajikunja na kujikunjua mpaka unapata moto, na hapo litapasuka. Asiye na kompresa haogopi bure kutoa upepo. Na asiyetoa, atachimba mchanga kwa koleo jua la saa saba.

Haya, mashine yenyewe. Ni ya silinda mbili, nimeinunua shilingi 9,500. Haichomekwi kwenye kitundu cha kiberiti cha gari. Ina vibano viwili, chekundu na cheusi, unabana kwenye betri moja kwa moja. Hilo ndilo la muhimu kuliko yote. Nilikuwa na ile ndogo ya kuchomeka kwenye kiberiti. Kutoka 18 hadi 36 ilichukua kama dakika 10 kwa tairi moja, ikawa ya moto haishikiki, na tairi la tatu ikakata fyuzi. Hii kubwa ilichukua kama dakika 3. Washa injini kwanza, acha iungurume, ndipo ubane. Usiitumie huku betri inajila yenyewe.

Boksi limeandikwa lita 70 kwa dakika. Kipimo hicho ni cha mashine inayopuliza hewani bure. Ndani ya tairi, upepo unavyojaa ndivyo inavyolemewa, kwa hiyo msinunue kwa kusoma boksi tu. Baada ya matairi mawili niliipumzisha dakika kumi kivulini. Msiione kama ugonjwa, ndivyo zilivyo zote za aina hii.

Ila kasoro zipo. Geji yake inasoma psi 3 zaidi ya geji yangu ya mkononi. Psi 3 kwenye 36 si kitu, kwenye 18 ni kitu kikubwa. Bebeni geji yenu. Kichwa cha mpira ni cha kuzungusha, na ukikifungua upepo unatoka fyuuu, basi jaza psi 1 ya ziada. Mpira unafika tairi la nyuma la gari letu, Prado, lakini kwa kuvutana. Sponji ya kuchuja vumbi ni ndogo mno kwa nchi ile. Kila jioni niliitoa nikaikung'uta.

Na pale karibu na Loiyangalani, kwenye mawe meusi ya volkano, jiwe lilitupasua tairi ubavuni. Hapo kompresa haisaidii, wala ule utambi wa kuzibia pancha hausaidii. Utambi ni wa uso wa tairi, si ubavu. Tuliokolewa na spea, na tulibeba mbili. Ndugu yangu, usiende na moja.

Usiku tulilala kwenye mikoma pale Loiyangalani, na upepo ulivuma mpaka alfajiri. Mtu akajaribu kujaza godoro kwa kompresa hii. Inachelewa sana, na kelele yake itawaamsha majirani. Godoro lina pampu yake ya mguu.

Nimerudi miezi mitatu sasa. Sogeeni karibu muone vibano: kutu imeshaanza. Hiyo si ya Chalbi, ni hewa yetu ya bahari hapa Mombasa. Nimeisugua kwa brashi ya waya, nitapaka grisi kidogo, na mfuko wake nitautoa kwenye buti niutie kabatini.