TAHADHARI: "Rejeta mpya" za Altezza zinazouzwa mtandaoni ni za zamani, zimepigwa rangi tu

Wadau, hasa wenye Altezza na Toyota nyingine za umri huo: kuna jamaa hapa Dar anauza rejeta (kile kifaa cha mbele kinachopoza maji ya injini) mtandaoni kwa maneno "mpya, orijino, ipo kwenye boksi". Hamna upya wowote. Ni rejeta zilizotolewa kwenye gari zilizokatwa, zikazibwa kwa gundi ya chuma, zikapulizwa rangi nyeusi ya kopo na kufungwa kwenye boksi lililochapishwa mtaani. Niliyoletewa mimi ilikuwa na ufa ndani, pale ambapo maji na oili ya giaboksi hutenganishwa. Ningeifunga kama ilivyo, leo ningekuwa natafuta giaboksi.

Gari ni Altezza AS200 otomatiki, ile yenye injini ya 1G-FE ya silinda sita. Toyota ilizitengeneza kuanzia 1998 hadi 2005, nje ya Japani zikiuzwa kwa jina la Lexus IS, kwa hiyo hata ile iliyotoka kiwandani mwisho kabisa sasa ni gari la miaka ishirini. Tanki la juu la rejeta ni la plastiki. Plastiki ikipikwa miaka yote hiyo inapoteza weusi wake, inakuwa ya kahawia, inakauka, halafu siku inayoamua kupasuka huwa ni ya foleni na jua kali. La kwangu lilikuwa limeshafika kwenye ukahawia huo, na pale plastiki inapokutana na alumini kulikuwa na kulanti (maji maalumu ya kupoozea injini) nyekundu iliyokaukia. Nikaona nilibadilishe nyumbani kabla halijaniadhirisha njiani. Kazi yenyewe haihitaji mashine: unasubiri injini ipoe kabisa, unamwaga kulanti, unachomoa soketi za feni, unalegeza klipu za mipira ya juu na chini, unafungua paipu mbili za oili ya giaboksi na kuziziba, kisha spana namba 10 na 12 zinamaliza vibano vya juu. Rejeta inanyanyuka.

Tangazo lake lina picha safi. Rejeta imeegemezwa kwenye ukuta wa bluu, boksi lina maandishi ya Toyota, na bei ni 280,000, wakati madukani nilikuwa natajiwa laki nne na kupanda. Ukimpigia anajibu haraka na kwa heshima zote. "Bosi wangu, hiyo ni mpya ya Japani, imebaki moja." Ukimwambia unataka kuja dukani kuiona, duka halipo. Anasema yeye ni winga, yaani dalali tu, mzigo upo stoo, stoo haipokei wateja, atakutumia kwa boda. Anataka nusu kwanza, nusu mzigo ukifika. Jina lililotokea kwenye simu wakati wa kulipa si lile analojiita, naye ana jibu tayari: "Hiyo laini ni ya mke wangu, kaka." Boda alipofika hakutaka boksi lifunguliwe. Kaambiwa achukue hela aondoke. Yule kijana simlaumu, naye katumwa.

Sasa sikilizeni jinsi ilivyojiumbua, maana hapa ndipo mtakapopata cha kujikinga nacho.

Kilichonishtua mwanzo ni rangi. Rejeta mpya za aina hii matanki ndiyo meusi, lakini zile mbavu za alumini za katikati huja na weupe wake wa fedha. Hii ilikuwa nyeusi tii kila mahali, hadi katikati ya mbavu, na ukiinusa unasikia rangi. Nikachukua kitambaa chenye thina nikafuta kona ya tanki. Weusi ukaja wote kwenye kitambaa, na chini yake kukabaki plastiki ya kahawia, ileile ya kwenye rejeta niliyokuwa naitoa.

Halafu stika. Namba za spea za Toyota zina mpangilio, na rejeta nzima huanza na 16400. Stika ya kwenye boksi ilianza na 17801, ambayo ni namba ya filta ya hewa. Aliyechapisha alichukua stika yoyote iliyokuwa karibu akainakili, akijua wanunuzi wengi hatuzisomi.

Nikafungua kifuniko nikamulika ndani ya shingo. Kulikuwa na ukoko mweupe kama wa ndani ya birika la chai. Ukoko huo haupatikani kwenye kitu kipya. Unatokana na maji ya bomba yaliyochemshwa humo kwa miaka. (Na hapa niwaambie wale wanaosema kulanti ni ya wazungu, maji yanatosha: huo ndio mwisho wake. Maji ya bomba, na zaidi ya kisima, yanaacha chumvi kwenye vijia vyembamba vya rejeta mpaka vinaziba, na kutu inaanza kula upande wa injini.) Ukingo wa alumini unaokunjwa kushika tanki la plastiki nao ulikuwa na alama za pleasi, jino moja limekunjwa hivi, la pili vile. Kiwandani makunjo hayo hupigwa kwa mashine na yote hufanana. Kwenye shina la mpira wa chini nilipitisha ukucha, kipande cha rangi kikabanduka, chini yake ikatokea gundi ya chuma ya kijivu imezungushwa pande zote.

Hayo yote ni wizi wa kawaida. La mwisho ndilo lililonifanya niandike.

Rejeta ya gari la otomatiki ina kipoozeo kidogo ndani ya tanki la chini. Oili ya giaboksi inaingia kwa paipu moja, inazunguka ndani ya kipoozeo kilichozama kwenye kulanti, inatoka kwa paipu ya pili. Vimiminika viwili vinaishi tanki moja bila kugusana. Kukijua kama kuna ufa ni rahisi na kunafanyika sakafuni. Nilikata kipande cha mpira wa baiskeli nikaziba matundu ya mipira mikubwa, nikaijaza rejeta maji mpaka shingoni. Paipu moja ya oili nikaiziba, ya pili nikaiunganisha na pampu ya mkono ya baiskeli, nikapiga polepole, maana presha ndogo inatosha. Kama ni nzima, pampu inakuwa nzito na maji yanatulia. Yangu yalianza kutoa mapovu madogo shingoni, yanapanda kwa mstari mmoja, unaacha kupampu yanakoma, unapampu yanarudi.

Kwa asiyeona uzito wake, iko hivi. Ukizima injini baada ya safari, presha ya oili ya giaboksi inashuka hadi sifuri papo hapo, lakini rejeta bado ina joto na presha ya karibu bar moja inayoshikwa na kifuniko. Kwa hiyo maji ndiyo yanayosukumwa kupitia ufa kwenda kwenye giaboksi. Klachi za otomatiki zina bitana za karatasi ngumu zilizobandikwa kwa gundi, na maji yanazivimbisha na kuzibandua. Ukichomoa kijiti cha kupimia unakuta oili imekuwa zito, ya rangi ya waridi, haionyeshi ng'ambo. Ukifika hapo kumwaga na kuweka oili mpya mara nyingi hakusaidii tena, na fundi atakuambia tafuta giaboksi nyingine. Chini ya gari huoni hata tone. Muuzaji naye atakuwa keshakuambia giaboksi lako lilikuwa bovu tangu zamani.

Nikampigia. Kwanza akasema haiwezekani. Nikamtumia video ya mapovu. Akasema hayo ni hewa tu, yataisha. Nilipomwambia nataka hela yangu, akaja na hili: "Kaka, hizo paipu mbili za oili ziunganishe zenyewe kwa zenyewe, zisipite kwenye rejeta. Gari nyingi hapa mjini zinatembea hivyo."

Ni kweli zipo, na mtu akikupa ushauri huo mkimbie. Oili ya otomatiki isipopoozwa, kwenye joto la Dar na foleni ya kuanzia asubuhi, inaungua. Inakuwa nyeusi, inanuka kuungua, giaboksi linaanza kuchelewa kushika gia. Mtu anayeuza rejeta halafu anakuambia ukwepe nusu ya kazi ya rejeta, huyo anajua alichokuuzia. Baada ya hapo namba yangu ikafungiwa.

Sina ugomvi na rejeta used. Zipo nzuri zinazotoka kwenye gari zilizokatwa, na wauzaji waungwana Ilala na Gerezani wanakuambia wazi kwamba ni used, wanakuruhusu kuishika, kuimulika, hata kuijaza maji pale pale dukani. Used yenye ukweli naichukua kabla ya "mpya" ya kopo la rangi.

Kwa atakayenunua wiki hii, mambo machache ya haraka. Nenda na rejeta yako ya zamani mkononi, au angalau picha na vipimo, kwa sababu ya AS200 na ya RS200 si kitu kimoja: moja ni ya 1G ya silinda sita, nyingine ni ya 3S-GE ya silinda nne. Neno "zinaingiliana" usilikubali mpaka uone mashina ya mipira yamekaa upande uleule na vibano vinalingana. Kama gari lako ni la manyuo, rejeta yenye paipu za oili inakufaa, unaziacha wazi tu. La otomatiki haliwezi kutumia isiyo nazo, na huyu jamaa anazo hizo pia, anazisukuma kwa ushauri uleule wa kuunganisha paipu. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Asiyeweza kukupa risiti hana pa kukupokelea mzigo ukirudi. Na usilipe salio kabla boksi halijafunguliwa. Boda akikataa kusubiri, arudi na mzigo wake.

Kama umeshanunua kwake na umeshafunga, usiwashe gari kwenda popote. Chomoa kijiti cha giaboksi uangalie oili, fungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa baridi uangalie kama kuna utando wa oili juu ya maji. Vyote vikiwa safi, itoe uipime kwa pampu. Kulanti utakayomwaga usiiache kwenye beseni uani, ina utamu unaovuta mbwa na paka, na ni sumu.

Upande wa malalamiko, namba ya simu ya tapeli inaripotiwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa kutuma ujumbe kwenda 15040. Bidhaa bandia ni kazi ya Tume ya Ushindani, FCC, ambao wana sheria ya alama za bidhaa ya mwaka 1963 mkononi, na boksi lenye maandishi ya kampuni ya watu ni ushahidi tosha, kwa hiyo usilitupe. Hifadhi ujumbe wa malipo, mazungumzo yote na video. Mimi nimeshapeleka vyangu, na polisi nimefungua jalada. Tuliopigwa na mtu huyuhuyu tukiwa wengi, jalada linakuwa na nguvu, hivyo aliyewahi kununua kwake aseme hapa, hata kama hela ilikuwa ndogo.

Namba yake na jina siweki hadharani kwa sababu jambo liko polisi, na anabadilisha vyote viwili. Lile tangazo la kwanza lilishafutwa. Jana nimeliona tena kwa jina jingine, bei imeshuka hadi 250,000, na safari hii anasema zipo za Altezza, Mark II na Verossa. Picha hakubadilisha: ukuta wa bluu, rejeta nyeusi hadi mbavuni, na boksi lenye stika ya 17801.