Soli za kupasha miguu moto: zipi ununue kama unasimama nje kwenye baridi

Kama uko Minnesota, huku kaskazini mwa Marekani, na kazi yako ni kupakia malori alfajiri unajua vile vidole vya miguu vinauma weee, halafu vinaacha kuuma, na hapo vikiacha ndo hatari yenyewe. Januari hapa nyuzi 20 chini ya sifuri si habari. Kwa hiyo hizi soli za umeme kwangu si anasa hata kidogo, shida ni kwamba nyingi madukani zitakula hela yako tu.

Namba moja naweka zile zenye betri nje, unaibana juu ya buti ama unaifunga kwenye mguu chini ya suruali, waya unashuka mpaka kwenye soli. Wanaoteleza kwenye theluji wanazitumia miaka mingi, Hotronic na Therm-ic ndo majina utakayosikia. Bei inauma, seti inaweza kupita dola 200, lakini betri ni kubwa, na ikiisha unachomeka ingine iliyojaa, na soli yenyewe inabaki nyembamba.

Namba mbili ni zile betri imefichwa kwa kisigino, unawasha na rimoti. Hazina waya, ni raha kwa mtu wa kutembea saa moja mbili, lakini kwa shifti hapana. Mimi nilinunua hizi mwaka wangu wa kwanza, boksi limeandikwa masaa 8, kufika saa ya tatu kidole gumba kimekufa ganzi, navua buti kwenye kibanda cha mlinzi naishika soli iko baridi kama jiwe la mtoni. Kumbe masaa 8 ni kwa moto wa chini kabisa! Piga hesabu mwenyewe kabla hujalipa: betri ya 3.7V yenye 2000mAh ni kama 7.4Wh, yaani wati-saa (zidisha V na mAh, gawanya kwa 1000), soli ikila wati 2.5 hufikishi hata masaa 3, na baridi nayo inapunguza nguvu ya betri za lithiamu.

Tatu ni vile vipakiti vya kubandika chini ya vidole, si vya umeme, ndani kuna unga wa chuma unaopata moto ukikutana na hewa. Ni bei rahisi, weka mfukoni kama akiba, ila buti likibana sana hewa haiingii na havishiki moto vizuri.

Za mwisho ni za waya wa USB unaochomeka kwenye pauabenki. Ukikaa mezani sawa, ukitembea waya utakatika tu.

Chochote utakachochukua, jaribu na buti lako na soksi za sufu ukiwa umevaa, maana nyingi ya soli hizi ni nene, buti likibana damu haipiti na mguu unapoa zaidi kuliko bila soli. Usichaji betri kwenye gari lililoganda, ingia nayo ndani kwanza ipate joto. Ukisafiri kwa ndege, betri za akiba na pauabenki zinaenda na begi la mkononi.

Na tafadhali, kama mzee wako ana sukari na miguu haisikii vizuri usimnunulie hizi kabla hajaongea na daktari, anaweza kuungua asijue. Mpe soksi nzito na buti lenye nafasi.