TAHADHARI: Alouette II ya turbini "yenye saa 3" inayouzwa mtandaoni ipo stoo kwangu

Ndugu zangu mnaorusha ndege za rimoti, hasa mlioko Ulaya na Ghuba, someni hili kabla hamjatuma hata senti moja.

Kuna tangazo linazunguka la helikopta ya modeli, Alouette II ya buluu iliyokoza, yenye turbini, mapanga matatu, upana wake unakaribia mita 2, na eti imetumika saa 3 tu. Ndugu yetu mmoja wa Maskati alinitumia picha zake juzi usiku, akaniuliza, "Kaka, wewe unazijua hizi. Bei hii ni ya kweli?" Nilipozifungua nikaishiwa nguvu. Helikopta ile ni yangu. Ipo hapa karibu na Stuttgart, imefunikwa turubali, na haijatoka stoo tangu Machi. Picha anazotumiwa yeye ndizo nilizotumiwa mimi mwaka jana nilipokuwa mteja: zulia lilelile la kijani, dirisha lilelile lenye pazia jeupe, na mlango wa kushoto uleule wenye kovu la stika iliyobanduliwa.

Anayeitangaza sasa, awe ni yule aliyeniuzia au mwingine aliyeokota picha, hana cha kukupa. Ukimlipa umetoa sadaka.

Shauri lipo polisi, kwa hiyo jina la mtu sitaji. Ila nitaeleza jinsi nilivyoliwa mimi, maana wizi wangu ulikuwa wa aina ya pili, ule ambao mzigo unafika kweli, na huo kwangu ni mbaya zaidi. Mzigo usipofika unapoteza pesa. Mzigo mbovu ukifika unauwasha.

Wasiojua mchezo huu wataniuliza kwa nini mtu mzima alipe maelfu ya euro kwa helikopta ya kuchezea. Alouette II halisi iliruka mara ya kwanza Machi 1955, Ufaransa, nayo ndiyo helikopta ya kwanza ya turbini kuundwa kiwandani kwa wingi. Mkia wake ni fremu ya mabomba iliyo wazi, kioo chake cha mbele kama tone la maji. Tangu nilipoiona moja kwenye maonyesho niliitaka modeli yake, tena ya turbini hasa, si ya betri. Turbini ndogo ikiwashwa unasikia kwanza mota ya kuanzishia ikivuma, halafu moto unashika kwa mlio mdogo, kisha sauti inapanda, inapanda, mapanga yanaanza kuzunguka taratibu, na harufu ya mafuta ya taa inakujia usoni. Mimi nimelelewa Tanga kwenye nyumba iliyopikiwa jiko la mafuta ya taa. Harufu ile kwangu ni ya mama yangu asubuhi. Muuzaji alikuta mtu ambaye tayari moyo umekwisha kwenda.

Bei ilikuwa euro 5,900. Ukijua kwamba turbini mpya peke yake ni maelfu ya euro, bila bodi, bila giaboksi, bila mapanga, unaona kwamba bei ile ni ya chini, lakini si ya chini kiasi cha kukushtua. Hapo ndipo walipo hodari. Nilimwambia nitakuja mwenyewe kuiona. Akasema anahama kikazi, wiki ijayo hatakuwepo, na yuko mtu wa Uholanzi anaisubiri. Akanitumia video ya helikopta ikielea vizuri juu ya majani. Akataka euro 3,000 za kuishikilia, zilizobaki siku ya kutuma, zote kwa ile njia ya malipo ya "marafiki na familia", eti tukwepe makato. Nikalipa. Njia ile haina kinga ya mnunuzi. Ukishatuma, programu ya malipo inahesabu kwamba umempa ndugu yako zawadi. Mtu usiyemjua akikuomba umlipe kama familia, funga mazungumzo hapohapo, hata kama mengine yote yamenyooka.

Video ile nilikuja kumwonyesha mzee mmoja wa klabu yetu, fundi mitambo mstaafu ambaye ameshika turbini hizi miaka mingi. Aliitazama mara moja tu akauliza, "Mtungi wa kuzimia moto uko wapi?" Kwenye video nzima hakuna mtungi. Sisi watu wa turbini hatuwashi bila mtungi wa gesi ya kaboni daioksaidi kando ya mguu, kwa sababu turbini ikikosea kuwaka, mafuta yanajikusanya ndani na yakishika moto unatoka ndimi kwa nyuma. Na lazima uwe wa gesi, maana unga ukiingia ndani unaharibu mashine. Halafu mzee akaniuliza mbona video inaanzia helikopta ikiwa hewani tayari. Kuwasha kumekatwa, kuzima kumekatwa. Kwa mnunuzi hizo ndizo dakika mbili zenye maana kuliko kuruka kwenyewe, kwani hapo ndipo utaona moto unashikaje, joto linapanda hadi wapi, na sauti ya beringi mashine inapopoa.

Sasa niseme la saa, maana ndilo lililonimaliza.

Turbini ya helikopta ya modeli ina sehemu mbili zisizoshikana. Ya kwanza inavuta hewa, inaibana, inachoma mafuta, na inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Ya pili inasukumwa na hewa ya moto inayotoka kwa mwenzake, nayo ndiyo inayopeleka nguvu kwenye giaboksi na mapanga. Beringi za ile ya kwanza zinalainishwa na mafuta yaleyale yanayochomwa, ndiyo sababu tunachanganya oili ya turbini, kwa nyingi ni kama asilimia 5, yaani lita 1 kwa lita 20. Beringi hizo zina umri. Kwa turbini nyingi ndogo kiwanda kinaandika saa 25, kisha irudishwe ifunguliwe. Kwa hiyo saa ndiyo thamani ya turbini. Kuuliza "ina saa ngapi" ni sawa na kuuliza gari limetembea kilomita ngapi.

Na saa hizo, kwa turbini nyingi za kizazi kilichopita, hazikai ndani ya turbini. Zinakaa kwenye kisanduku cha kompyuta kinachoiongoza, kile kinachopima joto na kuamuru pampu. Unachomeka kiskrini chake, kinakuonyesha muda wote, idadi ya kuwashwa, na mara ngapi imegoma. Mimi nilitumiwa picha ya kiskrini hicho: saa 3 na dakika chache. Picha ilikuwa ya kweli kabisa! Kisanduku kilikuwa na saa 3. Turbini ilikuwa na zake.

Boksi lilipofika niliifungua na shemeji yangu, na nakiri kwamba siku mbili za kwanza sikuona kitu, nilikuwa nafuta vumbi na kuitazama tu. Siku ya tatu nikazungusha turbini kwa hewa ya blowa, kama tunavyofanya, nikaiacha isimame yenyewe. Beringi nzima inateleza muda mrefu na kunyamaza taratibu. Hii ilisaga kidogo, ikasimama ghafla. Nikatafuta namba. Namba ya kisanduku kwenye karatasi za kiwanda ilikuwa moja, na namba iliyobandikwa kwenye kisanduku chenyewe ilikuwa nyingine. Namba ya turbini ililingana na karatasi. Nikaituma turbini yenyewe kiwandani. Wakaniandikia kwamba turbini ya namba hiyo waliihudumia mara ya mwisho ikiwa na saa 41, miaka kadhaa nyuma, na haijarudi kwao tena. Beringi zimekwisha, na gurudumu la kuvutia hewa limeanza kukwaruza ganda lake. Hayo ya saa 41 ningeyajua kwa barua pepe moja kabla ya kununua. Unawatumia kiwanda namba ya turbini, unauliza. Mimi sikuuliza.

Baada ya hapo nikaikagua yote upya, kwa hasira. Bomba moja la fremu ya mkia lilikuwa limenyooshwa na kupigwa pati juu ya mkunjo, kisha rangi. Helikopta ilishaanguka. Na kati ya mapanga matatu, moja halikuwa la seti. Mapanga ya modeli kubwa yanapimwa na kusawazishwa kiwandani yakiwa pamoja, yana namba moja. Lile la tatu lilikuwa na namba tofauti, na penye tundu la boliti, chini ya rangi mpya, palikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana euro 5,900 zinauma lakini zinatafutwa. Panga la modeli kama hii lina uzito wa gramu 350 hivi. Likizunguka mara 1,200 kwa dakika, na kitovu cha uzito wake kikiwa sentimita 55 kutoka katikati, linavuta lile tundu la boliti kwa nguvu ya zaidi ya kilo 300. Mfululizo, wakati wote wa kuruka. Ufa ule ungefunguka siku yoyote. Septemba 2013 kijana wa miaka 19 alikufa kwenye bustani ya Brooklyn, New York, kwa kupigwa na mapanga ya helikopta yake mwenyewe ya rimoti, tena ile ilikuwa nyepesi kuliko hii. Mwanangu ana miaka tisa. Uwanjani huwa anasimama nyuma yangu kushoto, ameshika chupa ya maji. Muuzaji alijua kuhusu ufa ule, kwa sababu ufa haujipaki rangi.

Nilipompigia alisema modeli imeuzwa kama ilivyo, hana dhamana kwa kuwa ni mtu binafsi. Kisha akanifungia simu. Mlioko Ujerumani jueni kwamba neno lile halimkingi. Muuzaji binafsi anaruhusiwa kuondoa dhamana, lakini si kwa kasoro aliyoificha kwa makusudi. Hilo lipo kwenye kifungu cha 444 cha BGB, yaani sheria ya madai ya Ujerumani. Na mkataba ulioingia kwa kudanganywa unaweza kuubatilisha, ila una mwaka 1 tangu siku uliyoujua udanganyifu. Msikae mkisononeka mpaka mwaka upite. Picha za tangazo, meseji, karatasi ya posta, barua ya kiwanda, vyote nilivihifadhi, na ripoti ya polisi niliiandika mtandaoni nikiwa nyumbani.

Turudi kwa tangazo la sasa. Nilimwomba ndugu wa Maskati amuulize muuzaji swali moja tu: unachanganya oili gani na kiasi gani? Akajibiwa, "Petroli safi tu, kama gari." Mtu huyo hajawahi kuwasha turbini maishani mwake. Ulizeni swali hilo. Mwenye turbini kweli atakutajia oili, atakwambia anaipima kwa kopo gani, na pengine hatanyamaza nusu saa nzima. Halafu mwombe video ya moja kwa moja, si ya kurekodi: aisogeze kamera kwenye namba ya turbini, kwenye namba ya kisanduku, kwenye namba za mapanga moja baada ya jingine, kisha aandike jina lako kwenye karatasi na kuiweka kwenye kiti cha rubani. Akileta sababu, achana naye. Na kama modeli ipo mahali unapoweza kufika, kwa treni, kwa basi, kwa kuazima gari la mtu, nenda ukaione ikiwashwa na ikizimwa, ukiwa na mtu anayejua kuliko wewe.

Nimeona pia tangazo hilo linaahidi kusafirisha mpaka Mombasa na Dar es Salaam, "pamoja na kibali cha kurushia". Kibali cha kurusha kinatoka kwa mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi yako, Kenya ni KCAA, Tanzania ni TCAA, na hakuna muuzaji wa Ulaya anayeweza kukuuzia.

Alama za modeli ni hizi: buluu iliyokoza, mstari mwembamba mweupe ubavuni, kovu la stika lenye umbo la mviringo kwenye mlango wa kushoto, na kwenye mkia, bomba la chini upande wa kulia, karibu na rota ya nyuma, pana uvimbe mdogo wa pati. Ukitumiwa picha hizo na mtu yeyote, kwa jina lolote, niandikie saa yoyote. Nitafunua turubali na kukupigia simu ya video, uione mwenyewe ilipo.